Robine ya Tangi na Shangazi wa Neema

Leo nimejivua nguo mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa mjini Baraka. Na kabla hamjaanza kucheka, jueni kwamba bado nina hasira.

Wengi wenu mnajua kazi yangu. Mimi ni mashinisti wa ile mashine ya umeme ya mtaa wetu, dizeli kubwa inayolisha saluni, friji za samaki na makanisa mawili. Tuko wawili tu, mimi na msaidizi wangu, anaitwa Dunia. Mimi ndiye mkubwa, ndiye chef. (Nilikuwa.)

Sasa, wiki hii mazutu, yale mafuta yake ya dizeli, yalianza kupungua kwenye tangi bila maelezo. Nikamwuliza Dunia. Akasema labda mashine imekula. Mashine imekula! Imezimwa, imelala, halafu imeamka yenyewe ikala? Basi jana jioni, baada ya kuizima, nikafunga robine ya tangi, ile koki ya kufungulia mazutu, nikang'oa na mkono wake, kile chuma kidogo cha kuzungushia. Nikakifunga kwenye kamba pamoja na ufunguo wa mlango, nikavaa shingoni, ndani ya shati. Nikamtangazia Dunia: "Kuanzia leo, kama mi siko hapa, hakuna kitu itawaka!" Nilijiona mtu wa maana sana.

Leo asubuhi nikafika na haraka zangu, nikafungua mlango, nikarudisha kamba ndani ya shati bila kuitazama. Mawazo yote yalikuwa Fizi-Centre, kule mlimani, maana Jumamosi hii wazee wetu wanapanda huko kuniposea msichana wangu Neema. Na katika ile nyumba neno la mwisho analo shangazi yake, Mama Apolina. Akikunja uso tu, mnashuka na mbuzi wenu kama mlivyopanda. Na Mama Apolina huyo huyo ndiye anayetuuzia mazutu hapa Baraka. Shikeni hapo.

Nikapima oili. Nikapima maji ya rejeta. Nikakaza nyaya za betri. Nikazungusha ufunguo wa mashine, ikanguruma vizuri, huko saluni mashine za kunyolea zikaanza kulia. Dakika mbili hazijaisha, ikaanza kukohoa. Ikashuka, ikapanda, ikashuka. Kimya.

Bwana mmoja akatoka saluni na kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Mashinisti! Mi niko na mazishi saa sita! Nitaenda hivi?"

Nikajaribu tena. Betri inazungusha, mashine haishiki. Nikalegeza skrubu ya filta, nikapiga pampu ya mkono ili kutoa hewa. Badala ya mazutu yakatoka mapovu. Mapovu matupu! Damu ikanipanda. Mapovu ni nini kama si maji? (Mashinisti wenzangu, najua. Nyamazeni kwanza.)

Dunia akasogea. "Chef, tuangalie kwanza ku tangi..."

"Funga kinywa! Mi nilijua hii mashine kabla yako!"

Akafunga. Tangu tufahamiane hajawahi kunitii, akachagua leo.

Watu walishajaa mlangoni. Nikampigia Mama Apolina, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie. "Mama, kuja uone maji yako! Umetutilia maji mu mazutu, mashine imekufa!"

Akarudia: "Maji?"

"Maji!"

"Nakuja."

Akaja kwa miguu, amekaza kitenge kiunoni, mkononi ana chupa tupu inayoonyesha ndani. Hakusalimia. "Weye, mukwe wangu. Unasema mi natiaka maji mu mazutu?"

"Mi sisemi, Mama. Ni mashine inasema."

Watu wakacheka. Nikafurahi! Nawaambia ukweli, nilifurahi kabisa. Yaani siku mbili kabla ya posa, na mimi natafuta vicheko vya watu wa saluni.

Mama Apolina akamwambia Dunia ashushe mpira kutoka juu mpaka chini kabisa ya tangi, achote mazutu, ajaze chupa, kisha yeye mwenyewe akaiweka kwenye kizingiti, juani. Hapa kwetu hata mtoto anajua, maji yakiwemo yatashuka chini, utayaona. Tukachuchumaa wote tunaitazama chupa. Yule bwana wa nusu kichwa naye akachuchumaa. Tukangoja. Mazutu yametulia, yanang'aa, chini hakuna hata tone.

"Iko wapi maji?" Mama Apolina akaniuliza.

"Iko... imejificha."

"Maji inajifichaka?"

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikasema kama si maji basi ni uchafu, mazutu yake yameziba bomba, na nitamwonyesha. Nikamwongoza mpaka kwenye tangi, nikainama nimwonyeshe bomba. Kamba ikachomoka ndani ya shati. Kile chuma kikagonga bomba, ngii, kikabaki kinaning'inia mbele ya pua yake, pembeni kabisa ya robine isiyo na mkono.

Mama Apolina akatazama chuma. Akatazama robine. Akanitazama mimi.

"Na hiyo chuma ku shingo yako, ni ya kufungua nini?"

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mashine ilikuwa imewaka kwa mazutu yaliyobaki ndani ya filta tu! Robine niliifunga mwenyewe jana, na leo sikuifungua, ikavuta hewa! Mama Apolina akanyoosha mkono. Akakishika kile chuma, akakivuta, na mimi nikafuata maana kamba bado iko shingoni. Akakichomeka kwenye robine, akazungusha. Nikabaki nimeinama pale kama mbuzi aliyefungwa. Dunia akapiga pampu, mazutu yakatoka safi, akazungusha ufunguo. Ikashika mara moja. Mtaa mzima ukapiga makofi, wanampigia Mama Apolina.

Na hakuwa amemaliza. Akapitisha kidole chini ya bomba, akakiinua, kinadondosha mazutu. "Hapa kunavuja. Ulikuwa unafikiri nani anaiba?"

Sasa hasira yangu iko hapa. Dunia ananiambia taratibu: "Mi niliona hiyo kamba tangu mwanzo, chef. Lakini ulisema nifunge kinywa." Hebu niambieni! Mtu anaona dawa shingoni mwa mwenzake, ananyamaza, anachuchumaa kutazama chupa pamoja na wengine! Huyo ni mtu? (Ndiyo, nilimshuku wizi. Ndiyo, nimemwomba radhi. Lakini bado!)

Nikampigia Mama Apolina magoti mbele ya wote. Akaniacha magotini kwanza, akafunga vizuri kitenge chake.

"Faini ni mbuzi moja, juu ya zile za posa. Na siku ile, kuja na hiyo chuma ku shingo. Watu ya kwetu baone ni nani anaomba mutoto yetu."

Akachukua chupa yake, akaenda. Yule bwana akarudi saluni kumaliziwa kichwa. Mimi nikabaki na bomba langu, natafuta wapi panavuja.

Jumamosi ni keshokutwa. Kwa hiyo mwenye tai pana, pana sana, aniazime. Si ya kupendeza. Ni ya kufunika chuma.