Panya Aliyekomunika Kabla Yangu

Kwa Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa heshima zote naleta malalamiko dhidi ya panya wa kigango chetu hapa kambini, na kidogo dhidi yako.

Unakumbuka Frateri Leodgar alivyotueleza utafiti wake juu ya wasomi wa Kanisa wa zamani sana huko Ulaya, waliobishana hivi: panya akila hostia, ule mkate wa misa, baada ya mageuzo ya altareni, amekula nini? Wengine walijibu amekula Mwili wa Bwana, wengine sura ya mkate tu, na mkubwa wao mmoja akasema Mungu ndiye ajuaye. Tulicheka sana. Wiki hiyohiyo panya akatoboa tabernakulo yetu ya mbao, akala hostia zilizohifadhiwa humo.

Mimi nangoja komunyo tangu tulipovuka ziwa kuja Kigoma. Kwa hiyo:

1. Ulinitaka cheti cha ubatizo. Parokia yetu iliungua vitani, na mama yangu wa ubatizo tulimzika njiani. Panya hakudaiwa cheti. Wala hakuketi hata siku moja mbele ya Katekista Dismasi, ambaye mimi amenikaririsha mpaka sala za wanaokufa.

2. Kama wale wa kwanza walisema kweli, panya amempokea Bwana na mimi sijampokea. Nimeumia, Baba, sifichi. Naomba nami nihesabiwe panya.

3. Kama wale wa pili ndio wakweli, alikula mkate tu. Basi nipe huo mkate tu. Sijaona mkate unaodai cheti.

4. Kama Mungu ndiye ajuaye, na ubatizo wangu anaujua. Muulize yeye.

Nisalimie Frateri, masista na mpishi wako. Mwanakombo, anayetuletea dagaa kutoka Ujiji, anakusalimu pia. Yeye ni Mwislamu, lakini kila akija huniuliza, "Bado tu hawajakupa?"

Ni mimi, ambaye subira yangu inaelekea ukingoni,
Eufrasia Manariyo

N.B. Nikiwa nafunga barua hii nimemkuta panya kwenye mahindi yangu ya mgao, sijui ndiye au ni ndugu yake. Nikainua mwiko. Kisha nikakumbuka huenda amebeba nini tumboni, mkono ukagoma, nikajikuta nimepiga goti. Tafadhali futa namba tatu. Mkate mtupu mimi siupigii goti.