Dakika Tano za Kimya

Gazeti la Waziri lilikuwa la juzi, lakini pale kijiweni habari haichachi. Waziri hakuwahi kuwa waziri wa chochote; waliomwita hivyo walichoka kumtafutia swali asilo na jibu lake. Akalikunjua, akakohoa, akasoma kama anayehutubia taifa.

"'Mtaa wa juu waongoza kwa utulivu. Kamati ya wakazi yapiga marufuku honi na wauzaji wanaonadi bidhaa kwa sauti. Jogoo mmoja apewa barua ya onyo.'"

"Jogoo?" Mama Birika akasimamisha birika lake la kahawa hewani.

"Jogoo. Kawika alfajiri bila kibali."

"Barua kaisomaje?" akauliza Spana, fundi wa magari wa karakana ya jirani.

"Kasomewa."

Katikati ya benchi, fundi cherehani aliyeitwa Sentimeta alikuwa ameinamia kikombe kama kwamba kahawa ina maandishi. Tepu yake ya kupimia ilikuwa shingoni kama kawaida. Huko mtaa wa juu ndiko alikokuwa ananunua nyumba, na siri hiyo alikuwa amemwambia Mama Birika peke yake, kwa hiyo kila mtu alijua. Siku hiyo hiyo, saa kumi, mwenye nyumba angekuja pale na mkataba.

"Haya, mheshimiwa wa utulivu," Spana akamgusa kiwiko. "Tueleze hilo jumba."

"Nyumba ya kawaida tu. Sebule inameza tepu yangu mara tatu na kiganja."

"Umeipimia nyumba suruali?"

"Na kiuno chake kikoje?" akadakia Waziri.

"Chekeni tu. Mke wangu atalala."

Hapo hakuna aliyecheka sana. Mke wa Sentimeta alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, mtu wa kulala mchana, na kitanda chake kilitenganishwa na karakana ya Spana kwa ukuta mmoja mwembamba. Miaka tisa vijana wa Spana walikuwa wakinyoosha mabati ya magari kando ya kichwa chake. Sentimeta alikuwa amemwahidi nyumba ya kimya tangu mwaka wa kwanza, na ahadi hiyo ilikuwa bado deni.

"Shemeji anastahili," Spana akakiri. "Lakini wewe, kule utapiga soga na nani?"

"Na majirani."

"Umewaona?"

Sentimeta akafikiri. Alikuwa amekwenda kule mara nne. "Nimeziona kuta zao. Na mbwa mmoja."

"Alibweka?"

"Hapana. Alinitazama tu."

"Looo! Hata mbwa ni mjumbe wa kamati!"

Waziri akainua kidole. "Mtu hanunui kiatu bila kukivaa. Tumjaribishe. Kijiwe kizima kimya, dakika tano, aonje maisha anayoyanunua."

"Wewe unyamaze dakika tano?" Mama Birika akamkazia macho. "Hebu nikuone. Saa nashika mimi. Hakuna kusema, hakuna kufyonza kahawa."

Spana akapiga mluzi kuelekea karakana, nyundo zikanyamaza. Wote wakafunga midomo.

Dakika ya kwanza Sentimeta alisikia mkaa ukilia kwenye jiko, kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwa miaka kumi na minne aliyokalia benchi lile. Dakika ya pili akasikia tumbo la Waziri. Akajiambia kwamba hii ni raha, halafu akajikuta anahesabu vifungo vya shati la Spana.

Akapita mwanamke aliyebeba beseni la nyanya. Akawatazama, akapunguza mwendo, akatua beseni.

"Poleni jamani. Ni nani?"

Sheria ilikuwa sheria. Waziri, ambaye hakutaka kushindwa mbele ya Mama Birika, akatikisa kichwa taratibu.

"Masikini wee!" Mwanamke akaketi chini.

Kinyozi wa mkabala akatoka na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Wakavua kofia, mmoja yake na mwingine ya kuazima. Mwenye duka akafunga dirisha moja kwa heshima. Watu wakazidi kusogea, wakinong'ona kwamba kijiwe hiki hakijawahi kukaa kimya, kwa hiyo aliyekufa lazima ni mtu mkubwa.

"Mazishi lini?" mtu akamwuliza Spana.

Spana, aliyekuwa anaichungulia simu ya Mama Birika, akainua vidole viwili kumwonyesha Sentimeta kwamba zimebaki dakika mbili.

"Keshokutwa," habari ikapita nyuma, na mtu mmoja akaangua kilio.

Hapo umati ukapasuka, akatokea mke wa Sentimeta anakimbia. Gauni la kulalia, pamba masikioni, mguu mmoja kiatu chake, mguu wa pili cha mumewe.

"Yuko wapi? Mume wangu yuko wapi?"

Sentimeta akaruka kutoka kwenye benchi. "Niko hapa! Hakuna aliyekufa!"

"Kama hakuna aliyekufa mbona mmenyamaza?"

Akaelezwa. Akasikiliza huku akitoa pamba sikio moja baada ya jingine. Kisha akamgeukia Spana.

"Miaka tisa unanigongea mabati kichwani na nimelala. Leo umenyamaza, nimeruka kitandani. Nikasema basi, nimeshakuwa mjane."

"Shemeji, sikujua nakubembeleza," Spana akasema.

Umati ukachachamaa. Mwenye nyanya alitaka machozi yake yarudishwe, na mteja wa kinyozi alitaka nusu ya pili ya kichwa. Katikati ya zogo hilo mzee mmoja akasogea mbele, koti safi, faili kwapani. Wote walikuwa wamemdhania mfiwa wa ukoo.

"Samahani, wanangu. Watu wote hawa wamekuja kwa sababu mlinyamaza dakika tano?"

"Nne, baba," Mama Birika akaangalia simu. "Waliharibu."

Mzee akatazama chini. "Mimi kule nimenyamaza miaka sita, tangu mama watoto afariki. Hakuna aliyegonga geti."

Safari hii kimya kilikuja chenyewe. Sentimeta akalitazama faili, akamtambua mwenye nyumba yake. Ndani ya kuta alizozipima mara nne kwa tepu aliishi mtu huyu, na yeye hakuwahi kumwuliza hata habari za mke.

"Ndiyo maana unauza, mzee?" akauliza.

"Ndiyo maana. Na ile kamati. Yule jogoo wa gazetini ni wangu. Ndiye niliyebaki naye kuzungumza, na sasa tumeandikiwa barua."

"Mkataba ni huu?" Mke wa Sentimeta alikuwa amekwishalifungua faili. "Saini. Miaka tisa naahidiwa."

"Lakini mke wangu, kimya kimekuamsha sasa hivi!"

"Nitakizoea. Nyundo nazo nilizizoea. Saini."

Waziri akatoa kalamu. Sentimeta akaishika, akauona mstari unaomngoja, akaishusha. Alimtaka mke wake alale kuliko alivyotaka kitu chochote duniani, na alikiogopa kile kimya kama mtoto anavyoogopa giza.

"Mzee, huyo jogoo yumo kwenye mkataba?"

"Hayumo. Nahama naye."

"Mwandike. Ndipo nisaini."

"Kijana, nikikupa jogoo, mimi nitaongea na nani?"

Sentimeta akageuka. Benchi lilichukua watu watatu, na nafasi ya katikati ilikuwa na bonde alilolichimba yeye mwenyewe kwa kukaa. Akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Keti hapa."

Mzee akaketi. Mama Birika akamtilia kahawa bila kuuliza. Akanywa funda moja, akaomba kalamu, akaandika kwa mwandiko wa zamani: *na jogoo mmoja.*

"Ongeza 'mwenye onyo moja la maandishi,'" Waziri akashauri. "Kasoro za mali hutajwa."

"Onyo hilo ni batili!" Mzee akapandisha sauti. "Kanuni za kamati zenyewe hazitaji kuku. Na wewe, bwana, gazeti lako ni la juzi, unatuambia nini?"

"La juzi? La juzi ndilo lenye uhakika!"

Wakashikana hapo hapo, Spana akijitia katikati, mzee akimpita kila mtu kwa sauti, maneno ya miaka sita yakimtoka kwa pamoja. Upande wa karakana nyundo zikaanza tena, na mke wa Sentimeta akapiga mwayo mrefu.

Sentimeta akasaini amesimama. Alikuwa na hoja nzuri sana juu ya kanuni za kuku, akafungua mdomo kuitoa.

"Shhh," Spana akamwekea kidole mdomoni. "Wewe anza mazoezi."