Ingrid wa Norwe na Herufi K

Jumapili, Juni 30

Kanisani. Baridi. Goti linauma. Baada ya ibada Shemasi Fereti kanishika mkono mlangoni, kwa ile huruma yake ya kutaka watu waione, akaniambia binti yangu anajitahidi sana. Binti gani? Nikauliza kana kwamba ninao kumi.

Kumbe Fereti ana darasa la Kisamoa kwenye kompyuta! Si lile la kutazamana nyuso. Ni kijiji kizima cha kuchorwa, kina minazi, kuku, na fale, nyumba yetu isiyo na kuta. Kila mwanafunzi huingia akiwa kikaragosi, sauti tu ndiyo yake. Wapo watu wa Sydney, wa Auckland, hata Wazungu. Na yupo Kala wangu, kutoka Perth.

Fereti anamwita Tala. Ndilo jina la ubatizo. Kala ni jina la nyumbani, nami ndiye niliyekuwa nikimwita hivyo.

Hapokei simu yangu tangu yale mambo ya mkeka. Mkeka laini wa marehemu mama yake, hazina ya ukoo kwetu Samoa, uliosukwa na bibi yake kule kisiwani Savai'i, alioahidiwa Kala tangu mdogo. Nilibadilishana na jamaa mmoja, akanipa mashine ya kukuna nazi. Mpango ulikuwa mzuri. Ni watu wa hapa Logan, Australia, tu ambao hawataki kununua tui gereji.

Sasa najua pa kumpata. Nikiingia kama mimi, atatoka. Basi nitaingia kama mtu mwingine, nimlainishe polepole mpaka anisamehe.

Jumanne, Julai 2

Mimi ni Ingrid. Mwanamke wa Norwe, mrefu, nywele za manjano, mfugaji wa kondoo. Nimechagua Norwe kwa sababu kanisani kwetu hakuna aliyewahi kufika huko. Nimepakua na kitu cha kugeuza sauti. Nilitaka sauti ya mwanamke, nimepata ya mwanamke mwenye mafua. Itafaa.

Dada yangu Sieni, ninayekaa kwake, kagonga mlango kuuliza ni nani huyo ninayemficha chumbani. Nikamjibu ni mimi, nikiwa nimesahau kuzima kile kitu. Kaenda kuomba.

Tatizo ni moja. Sisi Wasamoa tuna ndimi mbili. Ya T ni ya mimbarini, shuleni na mbele ya wageni. Ya K ni ya jikoni: maneno ni yaleyale, ila T unaifanya K, na hapo umeshavua viatu, uko nyumbani. Mgeni hufundishwa T tu. Ingrid akitokwa na K moja, kaumbuka. Nimeshinda mchana mbele ya kioo nikisema T, T, T, mpaka kioo kikalowa.

Alhamisi, Julai 4

Darasa la kwanza. Aibu tupu.

Wote wameketi ndani ya fale. Fereti kaeleza kwamba ukipita mbele ya watu waliokaa, unainama na kusema tulou. Mimi nimeinama maisha yangu yote! Nikabonyeza pa kuinamia. Ingrid akaruka sarakasi, akatua kichwani pa Fereti, akaanza kukata kiuno. Nikabonyeza tena aache. Akapaa hadi darini. Huko huko darini nikasema tulou. Fereti akawaambia wenzangu kwa upole kwamba Wanorwe nao wana heshima zao. Simpendi mtu huyu.

Kuna mtu akacheka. Kicheko cha Kala, kile kinachoanzia puani. Sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu mno. Nilibaki darini nikisikiliza, nikasahau kushuka.

Jumamosi, Julai 6

Fereti katugawa wawili wawili. Ingrid na Tala! Tumekaa kwenye ngazi za fale. Kaniuliza kwa nini Mnorwe ajifunze Kisamoa. Nikamwambia kwa sababu ya kondoo. Sijui ilitoka wapi. Kacheka tena.

Nikamuuliza yeye. Akasema ana mimba.

Anataka mtoto azaliwe akiongeleshwa kwa lugha ya kwao. Yeye mwenyewe hakufundishwa. Baba yake, akasema, alikataza Kisamoa nyumbani, akidai Kiingereza ndicho kinacholeta mkate. Ni kweli nilikataza. Nao ulikuwa mpango mzuri, wakati ule.

Nitakuwa babu. Habari yenyewe nimeipata nikiwa nimevaa sketi. Nimelia, na kwa kuwa Ingrid ana mafua siku zote, Kala hakushuku kitu. Kaniambia tu ninywe maji ya ndimu.

Jumanne, Julai 9

Mpango mpya, bora kuliko yote. Mkeka! Nitamchorea mwingine kulekule kijijini, niutandike mbele yake, ndipo nijitokeze. Nani atakataa baba aliyekuja na mkeka?

Nimechora siku nzima. Umetoka kama zulia la bafuni. Wa Fereti umetundikwa ndani ya fale, una manyoya mekundu pembeni, yanapepea kabisa. Wangu manyoya yakipepea, mkeka mzima unaruka. Sieni kachungulia, kauliza kama ni kuku.

Alhamisi, Julai 11

Yamenifika.

Tulikuwa kwenye ngazi tena. Kala kasema jana mtoto kapiga teke kwa mara ya kwanza. Alishika simu ampigie mama yake, kisha akakumbuka mama hayupo. Akaanza namba ya baba yake. Akaandika tarakimu zote isipokuwa ya mwisho, akaiweka simu chini. Aliyasema haya kwa Kisamoa chake cha kuungaunga, akitafuta kila neno, nami nilikuwa nasikia jinsi kila moja lilivyomchoma.

Yakanitoka. "Kalofa e, Kala."

Maana yake pole, masikini wewe. Fereti anafundisha talofa e. Kalofa e ni ya kwetu, ndiyo nilikuwa nikimwambia akianguka na baiskeli. Kisamoa changu chote alichokipata utotoni ni hicho, kwa sababu hicho sikuweza kujizuia.

Kala akauliza polepole:

"Baba?"

Nikang'oa waya. Nikang'oa zote, nisijue upi ni upi. Friji la Sieni limezimika, nyama ya Jumapili imeyeyuka, maji yamejaa jikoni.

Ijumaa, Julai 12

Kala kampigia Sieni. Wamezungumza muda mrefu, mimi nikiwa nyuma ya mlango na goti langu. Sieni alipokata simu hakunigombeza hata kidogo, nikaogopa zaidi.

"Anasema kesho atawahi kule kijijini kabla ya wenzake," akaniambia. "Uende wewe, kwa sauti yako. Mkeka hautaki. Anataka umfundishe ile K, amwongeleshe mtoto. Anasema hiyo Fereti hawezi kumpa."

Nikamwambia nahitaji wiki moja tu, mkeka wangu bado haujakamilika.

"Pesamino, mficha uchi hazai. Mtoto anakuita. Nenda ukiwa mtupu hivyohivyo."

Sieni ni mtu mwema lakini hajui mipango. Binadamu gani anaibiwa mkeka wa mama yake halafu aseme hautaki? Nimefikiri sana. Huo ni mtego, au ni hasira iliyojifunika. Nikienda mikono mitupu akanifukuza, nimempoteza moja kwa moja. Kwanza nipime upepo.

Jumamosi, Julai 13

Nimeingia nikiwa Gunnar. Mzee wa Aislandi, ndevu hadi kifuani, fundi wa saa. Sauti safari hii nzito na nzuri, wala haina mafua.

Kala alikuwa ndani ya fale peke yake. Kikaragosi chake kakivimbisha tumbo. Nilipita mbele yake nikainama sawasawa, bila sarakasi, nikasema tulou. Nimejifunza pa kubonyeza.

Akanikaribisha. Kisha akaniuliza, kwa adabu anayopewa mzee, kama njiani nimemwona baba yake.

Nilimtazama usoni nijue kama ana hasira, lakini vikaragosi vya Fereti vyote hutabasamu. Nikamjibu kwa T safi kabisa kwamba sijamwona.

Akasubiri. Kila mwanafunzi alipoingia, aligeuka kumtazama. Darasa likaanza, likaendelea, naye alikuwa anatazama mlango, na fale haina mlango, kwa hiyo alikuwa anatazama pande zote. Fereti akaja akakaa karibu naye, hakufundisha, hakusema kitu. Sikujua kwamba Fereti anaweza kunyamaza.

Mwishowe Kala akamwambia shemasi kwamba hatarudi tena. Mtoto atajifunza atakachojifunza. Akainuka, akapita mbele yetu sote, akainama na tumbo lake.

"Kulou," akasema.

Kwa K! Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amekaa huko Perth akijaribu peke yake. Na aliisema sawa kabisa, kama mama yake akipita na sahani. Nilitaka kumwambia amepatia. Lakini Gunnar wa Aislandi angejuaje? Kabla sijaamua, alishatoweka.

Sieni kaniuliza imekuwaje. Nikamwambia imekwenda vizuri. Kanitazama, kaenda kuwasha friji.

Mkeka umebaki manyoya tu. Wiki ijayo utakuwa tayari, nitaupeleka, na nitaingia kama mimi mwenyewe. Akiwa hajarudi, nitamngoja palepale ndani ya fale, nikiwa Gunnar, ili Fereti asipate la kusema. Na hata hivyo leo nijipongeze kwa jambo moja: darasa zima haikunitoka K hata moja.