Duara la Mzee Masele Ndani ya Mashine Pepe

Jumatatu, 2 Februari
Siku njema. Mzee Masele, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, hapa Segese, amekubali. Ijumaa namwonyesha shimo lake kwenye kompyuta, likizunguka pande zote mpaka chini kabisa. Likimpendeza, mimi ndiye mchoraji wa maduara yake yote. Lisipompendeza, anavuka barabara kwenda kwa Thobias. Thobias! Mtu ambaye hata fotokopi zake hutoka zimepinda.

Programu ya kuchorea inataka Windows. Mimi natumia Linux, kwa msimamo tu. Hakuna shida. Nimeweka kompyuta ndani ya kompyuta. Sisi wataalamu tunaiita mashine pepe. Nikafungua duara, nikaliamuru ligeuke, nikaenda kunywa chai. Nimerudi, bado linageuka.

Jumanne, 3 Februari
Nimegundua ugonjwa. Kompyuta ya ndani haijui kwamba ya nje ina kadi ya picha, kwa hiyo inachora kila kitu yenyewe, maskini. Kuna kisanduku cha kuiruhusu. Nimekitia tiki. Wapi. Mama Vumilia, mwenye nyumba wangu, kauliza mbona nimenuna. Nikamwambia mashine pepe inanisumbua, imo humu ndani na haitaki kutii. Akaitazama kompyuta, akaondoka kinyumenyume.

Jumatano, 4 Februari
Thobias kaja bila kuitwa. Anasema tiki peke yake haitoshi, niweke na draiva, ile programu ya kuongoza kadi ya picha, ndani, kwenye ile kompyuta ya ndani. Nimemshukuru kwa upole. Eti ndani. Mimi si mtoto. Nimeiweka nje. Sasa kioo chote ni cheusi na naogopa, sifichi.

Alhamisi, 5 Februari
Asubuhi nzima kuondoa nilichoweka jana. Kioo kikarudi. Kabla sijapumua, Mama Vumilia kaingia na kina mama wa maombi. Kumbe niliposema pepe, yeye alisikia pepo. Wakaizunguka kompyuta, wakaiwekea mikono, wakamkemea atoke humo ndani. Mmoja wao, Mama Sesilia, alikemea mpaka chaja ikachomoka. Hilo neno ndani likanikaa kichwani. Walipoondoka nikaweka draiva ndani, kujaribu tu. Duara likazunguka kama pia! Nimelia kidogo. Ugunduzi wangu mwenyewe. Thobias hahusiki.

Ijumaa, 6 Februari
Mzee Masele kafika. Nikampa shikamoo, nikazungusha duara. Akatabasamu, akaomba lizungushwe tena. Alikuwa ananyoosha mkono tukubaliane, ndipo Mama Vumilia akachungulia dirishani na kumshukuru Mungu kwamba pepo aliyekuwemo ametolewa jana. Mzee Masele akaurudisha mkono. Akauliza ni nani aliyetoa ruhusa pepo wa duara lake afukuzwe. Akasema dhahabu yote ni ya huyo, na akiondoka, kinachobaki ni shimo la choo. Akavaa kofia, akavuka barabara. Imeniuma sana.

Jumamosi, 7 Februari
Nimewaza, nikaona kosa lilikuwa kasi. Nimeondoa tiki. Nimeondoa na draiva. Duara sasa linageuka kwa kujivuta, kama kitu chenye mwenyewe. Mzee Masele akiliona atarudi. Inabaki kumjulisha kwamba pepo wake yumo ndani tena, na Mama Vumilia alikuwa anaelekea huko huko duarani kwake, kwa hiyo nimempa yeye ujumbe aufikishe. Kaondoka mbio na kitenge kinapepea, akimwita Mama Sesilia. Mama yule ana msaada sana.