Umeme Haitiki Miguu Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Kikao cha familia kwa kaka Ndyamukama. Ajenda moja: Jumamosi tunakwenda Isingiro kumposea mwanawe Dastan. Nani awe msemaji wetu mbele ya wakwe?

Swali la kipuuzi. Msemaji yupo. Alikuwa amekalia kiti chenye mguu mbovu, anaitwa Lameck, ndugu wa tumbo moja na baba wa kijana, mtu aliyefika Dar es Salaam akarudi na meno yote.

Eti shemeji Aristides naye anautaka usemaji! Huyu kamwoa dada yetu tu. Kwa sababu anafanya kazi ofisini Bukoba na ana suti yenye kizibao, anadhani wakwe watasikiliza koti. Akanyanyuka akasema msemaji ni mtu wa kufika kwa heshima, si wa kushushwa na bodaboda na vumbi kwenye kope. Wakacheka. Kaka naye alicheka. Nilimwona.

Nikasema mimi nitafika juu ya farasi.

Sijui maneno yalitoka wapi. Lakini yalitoka vizuri. Nikawakumbusha nilivyompanda farasi wa polisi kule Dar, kutoka Kurasini mpaka Ubungo, bila kushika kamba. Kaka akakata shauri: Lameck akiingia uani kwa wakwe juu ya farasi, kwa mwendo wa heshima, akasimama mbele ya wazee, fimbo ya msemaji ni yake. Akishindwa, ni ya Aristides, na Lameck atakaa nyuma na wabeba ndizi.

Imekwisha hiyo. Bado farasi tu.

Jumanne, 10 Juni

Farasi kapatikana! Fidele anatunza farasi wawili wa kambi ya watalii upande wa Kimuli. Wageni hakuna siku hizi, farasi wanakula bure. Mwaka juzi nilimtibia mbuzi wake. Kwa maneno tu, lakini mbuzi alipona. Basi kanipa mmoja hadi Jumapili.

Kaja kwa Fuso, amesimama nyuma kama diwani aliyeshinda. Kijiji chetu chote cha Nyakakika kilitoka nje. Mtoto mmoja alimpa shikamoo.

Jina lake Umeme. Limemkaa. Kama umeme wetu: upo kwenye nguzo, haufiki nyumbani. Kushuka tu kwenye Fuso alitaka kushawishiwa na watu wa rika zote.

Fidele kanipa maelekezo marefu. Anasema farasi huongozwa kwa miguu ya aliyempanda. Unambana mbavuni kwa mashavu ya miguu, kidogo, mara moja. Asipoitika, unamgusa kwa kifimbo, mara moja, kwa kumaanisha. Akiondoka, unainyamazisha miguu yako na unamsifu. Ndiyo siri yote, eti. Uliza, subiri, nyamaza.

Nilimsikiliza kwa adabu, kijana wa watu. Mnyama mkubwa kama ghala umwombe mara moja? Hata kuku hafukuzwi mara moja.

Jumatano, 11 Juni

Somo la kwanza. Mabuti ya mvua, kofia ya marehemu baba. Dafroza, mke wangu, alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Akaniuliza kama nimeandika wosia. Nikakaza kofia.

Nikapanda kwa kukanyaga kinu. Nikambana Umeme. Hakuna. Nikambana tena. Hakuna. Nikaanza kugonga mbavu kwa visigino, pu, pu, pu, bila kupumzika, kama mpiga ngoma wa kigango siku ya Pasaka. Akatembea hadi kwenye mgomba wa jirani, akang'oa jani, akasimama. Nikaendelea kugonga. Asubuhi yote! Kufika saa sita mwenye povu ni mimi. Yeye amelala. Amelala kweli, mdomo wa chini umening'inia.

Nikamwita Dafroza aniletee maji. Nikamwita tena. Na tena. Haitiki. Masikio ya mke wangu yamepungua sana tangu tuoane. Alipotoka kumwaga maganda nikamuuliza kama hakusikia. Akasema, "Baba Projest, anayeitwa kutwa huacha kuitika. Mimi na huyo farasi tumeshaelewana."

Sikuona uhusiano wowote.

Jioni Aristides kapiga simu toka Bukoba. Kauliza kama nitahitaji watu wa kusukuma.

Alhamisi, 12 Juni

Ubunifu! Nimeshona vizibo vya soda kwenye visigino vya mabuti, meno yakitazama nje, kama vile vyuma vya wapanda farasi wa mjini. Nikapanda. Nikagonga. Vizibo vikalia kama njuga. Watoto wa jirani wakaja kucheza ngoma. Umeme alitikisa sikio moja kwa kufuata mapigo, kisha akalala tena. Kizibo kimoja kikageuka kikaning'ata mimi. Nachechemea.

Lakini alasiri nimeona jambo kubwa. Nilikuwa nyuma ya migomba kwa shughuli zangu binafsi. Dafroza akatoka na madumu mawili matupu ya maji. Akamtazama Umeme. Akamtundikia madumu, moja huku moja kule, akajifunga kanga vizuri, akakanyaga kinu changu, akapanda. Mama mzima! Bila kofia!

Akambana kidogo, mara moja. Akasubiri. Umeme akafungua jicho. Dafroza akachuma kijiti, akamgusa nacho: ta! Akaondoka! Basi Dafroza akailaza miguu yake kama nguo kwenye kamba, akampigapiga shingoni, wakashuka kisimani wanazungumza. Walipokuwa wanarudi hata kijiti hakuwa nacho. Akibana kidogo, Umeme huyo.

Nilichutama pale nikafikiri kwa kina. Kwa nini yeye? Miguu yake ni mifupi kuliko yangu. Hana mabuti. Dar hajafika. Tofauti nimeiona moja tu, alipopita karibu: shavu lake lilikuwa limetuna. Alikuwa anatafuna kahawa! Farasi alinusa kahawa!

Hapo kila kitu kikafunguka, nikaona aibu kwa niaba ya ukoo wangu. Umeme ni mgeni. Yuko kwangu tangu Jumanne na hakuna aliyempa hata punje ya akamwani, kahawa yetu. Mgeni gani nchi hii anapewa kazi kabla ya kupewa kahawa ya kutafuna? Ningekuwa yeye, nami ningelala.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nikampelekea Umeme kahawa, kiganja kilichojaa, kwa mikono miwili kama anavyopewa mzee. Nikamwomba radhi kwa kuchelewa. Akatafuna yote. Akaitazama mikono yangu. Nikampa tena. Mgeni haachwi aombe.

Kwanza alisimama tu. Nikaanza kukata tamaa. Baadaye nikaona ngozi ya bega inacheza yenyewe. Jicho likawa kubwa kama kikombe. Nikapanda. Nikamgusa.

Mawe, mama yangu!

Sikumbuki mgomba mmoja mmoja. Nakumbuka rangi ya kijani tu. Tulipita maharage ya jirani, tukapita kitalu cha miche, tukapita kati ya mwalimu na baiskeli yake. Kijana aliniamkia shikamoo kwenye njia panda. Marahaba nilimjibu nikiwa ng'ambo ya bonde. Umeme alisimama alipotaka kusimama. Mimi nilishuka kabla kidogo.

Ushindi! Fidele alitaka farasi aitike upesi. Kaitika upesi! Kapiga simu jioni kuuliza anakula nini. Nimemwambia majani. Si uongo. Kahawa ni mti, na mti una majani.

Dafroza kauliza akishaondoka nitamsimamishaje. Nimemwambia msemaji huwaza kwenda. Kusimama huja kwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nimelala kifudifudi.

Asubuhi nilikuwa mtu wa kutazamwa. Kanzu mpya, nyeupe pe! Alfajiri nilimpa Umeme kahawa yake ya kukaribishwa. Tulipomshusha kwenye Fuso kule Isingiro nikampa nyingine, maana pale ni pageni, kwa hiyo amekuwa mgeni upya. Watu hawajui mambo haya.

Wanawake wakajitwisha mikungu ya ndizi na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, Dafroza akiwa kati yao. Aristides ndani ya gari lake, dirisha limeshushwa nusu. Kaka Ndyamukama akanishika mguu, akasema kwa sauti ya chini, "Lameck, mwendo wa heshima. Nakuomba. Huyu ni mtoto wangu wa pekee." Nikamwambia kaka, mimi ndiye niliyepanda kutoka Kurasini mpaka Kibaha. Aristides akasema Jumatatu ilikuwa Ubungo. Nikasema Ubungo nilipita.

Nikaunyoosha mguu nimguse Umeme. Sijui hata kama ulifika.

Tuliwapita wanawake. Tulilipita gari la Aristides. Vigelegele vilianza kama vigelegele vikaishia mayowe. Uani viti vimepangwa, wazee wamesimama kutupokea, na mbele yao yuko Bibi Kokuberwa, bibi yake Joanitha tunayemposa, ameshika kikapu kidogo cha kahawa ya wageni kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka.

Umeme akaiona ile kahawa. Akasimama. Pale pale.

Mimi sikusimama.

Nilipita juu ya masikio yake. Nilipita juu ya wazee, mmoja akavua kofia, nadhani kwa heshima. Nikatua pembeni ya nyumba kwenye lundo la maganda, wanawake wa pale walipokuwa wanamenya ndizi za sherehe. Ndizi mbichi, na utomvu wake. Aliyezaliwa huku anajua: utomvu wa ndizi na kanzu nyeupe ni ndoa isiyo na talaka.

Nilipotoa kichwa, Umeme alikuwa anamalizia kikapu mikononi mwa bibi. Dastan amefumba macho kama anayesubiri sindano. Kaka amekaa chini, chini kabisa, kwenye vumbi. Mzee mmoja wa wakwe akaanza kusema kuwa kwao hawajawahi kutukanwa hivi.

Bibi Kokuberwa akamnyamazisha kwa mkono. Akakitazama kikapu kitupu. Akamtazama Umeme toka kwato mpaka masikio. Akasema katika nyumba hii mgeni anayetangulia kutafuna kahawa ndiye mkubwa wa msafara. "Basi mkubwa wenu si huyu hapa, jamani waitu? Mpisheni aseme kilichomleta."

Umeme akapuliza pua.

Bibi akasema amemwelewa kuliko wengi waliowahi kuja na suti. Basi! Wakwe walianguka kwa kicheko, na sisi tukaanguka, na hata yule mzee aliyetukanwa alishikilia nguzo ya turubai. Kaka akanyanyuka toka kwenye vumbi, analia na kucheka. Posa ikapona.

Fimbo kapewa Aristides. Kasema vizuri, siwezi kukataa, ingawa alizunguka sana. Binti katolewa. Mimi nilikula na wabeba ndizi. Wamenipa nyama nzuri, wanataka niwasimulie.

Baada ya chakula, kahawa ilipokwisha kumtoka Umeme kichwani, akalala katikati ya uwanja wa kuchezea ngoma. Vijana wakamsukuma. Hola. Dafroza akanawa mikono, akamwamsha kwa upole, akapanda, akambana mara moja. Umeme akaondoka pole pole, kama mtungi wa maji kichwani kwa mwenye kuujua. Wazee wakaguna kwa kusifu. Bibi Kokuberwa akatoa sharti la mwisho: siku ya harusi Joanitha atatoka nyumbani juu ya mnyama huyo, na mama yule ndiye ampeleke.

Jina langu halikutajwa. Nadhani waliogopa kunichosha.

Jumapili, 15 Juni

Utomvu hautoki. Nimejaribu sabuni, majivu na sala. Kanzu ina ramani.

Nimetafakari kwa haki kabisa. Je, farasi aliitika mguu wangu? Aliitika. Upesi? Muulize yeyote Isingiro. Kosa liko wapi basi? Kwa wakwe! Nani anamwekea farasi kikapu njiani? Kaka hajanilaumu hata kidogo. Hajasema nami kabisa.

Baada ya misa watu walinizunguka pale kigangoni. Nikawaeleza nilivyoruka kwa hiari kuwaokoa wazee wasikanyagwe. Nikawaeleza pia ile safari yangu ya Kurasini mpaka Morogoro, usiku, mvua inanyesha.

Fidele kaja na Fuso kumchukua Umeme. Alimnusa mdomo, akanitazama, akanusa tena. Kasema siku ya harusi atamleta, lakini kamba atamkabidhi Dafroza mkononi, na mimi nisimame mbali, mahali pa kuonekana.

Sawa. Ila nani atamfundisha Dafroza? Watu wameona yule mnyama anakwenda wakadhani mama anajua. Miguu yake ni mivivu mno! Anagusa mara moja kisha anailaza. Siku ya harusi wakwe watasema ukoo wetu umeishiwa nguvu. Kwa hiyo nimemwandalia somo jioni hii. Atakaa juu ya kinu, mimi nimesimama pembeni, agonge bila kupumzika mpaka nitakaporidhika.

Nimemwita. Haitiki. Nimemwita tena. Nimegonga mlango, nimegonga dirisha, nimemwita mama Projest, nimemwita kwa jina la ubatizo, nimegonga mlango tena. Namsikia yuko ndani, anamenya ndizi na kuimba.

Nimefikiri kwa kina. Nakwenda kuleta kikapu cha kahawa.