Mlango Mmoja wa Blogu Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata wazo. Wazo zito! Familia yetu ina blogu tatu, na kila moja ina mlango wake. Dada yangu ana ya ushonaji. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi friji na ana ya friji. Mimi nina ya maoni yangu. Msomaji akitaka kuchangia kote, ajiandikishe mara tatu. Usumbufu mtupu! Nitaunganisha orodha za watumiaji ziwe moja. Akaunti moja, neno la siri moja, unaingia popote.

Na mlango wenyewe utakuwa kwangu. Anayetaka kumuuliza shemeji kuhusu gesi ya friji atapitia kwanza kwenye maoni yangu. Hilo sijamwambia mtu. Shemeji anasomwa na umati. Mimi nasomwa na mke wangu, ambaye nilimwandikisha mwenyewe, na jamaa mmoja ambaye nahisi alikosea anwani.

Jumanne, 5 Machi

Nimewapigia simu. Dada kakubali upesi, alikuwa na kitambaa chini ya sindano na alitaka nikate simu. Ila kaniomba nisimvurugie kibaraza chake. Kibaraza ni ukurasa ambapo washonaji hupiga soga kwa majina ya kubuni. Nikamtoa wasiwasi. Mimi mwenyewe ni mpenzi wa kibaraza! Yupo mama anajiita Sindano Butu, anasimulia vituko vya mumewe, anamwita Mzee wa Mipango. Safari hii mzee kageuza bomba la maji ya mvua liingie kwenye tangi, likaingia sebuleni. Nimecheka hadi machozi. Kwetu liliingia chumbani, tena kidogo tu.

Nimemsomea mke wangu kwa sauti. Hakucheka. Maskini, si mtu wa utani.

Shemeji kaniuliza kama nimetengeneza nakala ya kujaribia kwanza. Nikamwambia friji ni friji, seva ni seva.

Alhamisi, 7 Machi

Imekwisha! Nimefanyia kazi kwenye meza ya chakula asubuhi nzima. Programu iliniuliza maswali mawili tu. La kwanza: akaunti zenye barua pepe moja zihesabiwe kuwa za mtu mmoja? Bila shaka. La pili: majina yakitofautiana, lishike la blogu ipi? La kwangu, kwani la nani? Kwangu watu huandikwa majina kamili na picha, kwa heshima. Nikabonyeza. Ikaenda kama maji. Nikaingia kwa shemeji bila kuulizwa kitu. Nikaingia kwa dada vivyo hivyo.

Nikamwita mke wangu aone. Alikuwa anaanua nguo. Kauliza, “Na ya wifi umeunganisha?” Nikamjibu kwa fahari kwamba ya wifi yake ndiyo imekubali vizuri kuliko zote. Kaweka kikapu chini, katoka nje, karudi kwenye kamba iliyobaki tupu. Wengine maendeleo huwashtua.

Ijumaa, 8 Machi

Laiti ningebonyeza “hapana”.

Nimefungua kibaraza kabla ya chai. Sindano Butu hayupo. Visa vyake vyote vipo, na juu ya kila kimoja pana majina ya mke wangu, yote matatu, na ile picha niliyompiga akiwa na gauni la kijani. Barua pepe moja, mtu mmoja. Kisa cha bomba. Kisa cha banda la kuku lililojengwa bila mlango. Kisa cha kengele iliyolia kila jirani alipowasha taa.

Mzee wa Mipango ni mimi.

Nimevisoma vyote nikiwa nimesimama. Vingi vinachekesha hata sasa, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini kimoja hakikuwa na kichekesho. Kaandika kwamba mzee akianza kung'aa macho, yeye huenda kuanua nguo, hata kama hazijakauka, asimwonyeshe uso wake. Kaandika: “Nampenda. Nimechoka tu kuwa mtu wa kwanza kumwambia hapana.”

Chini yake washamwagika majirani na wenzake wa kazini. Mmoja kauliza kama sebule imekauka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejaribu kurudisha. Hairudi. Nakala sina. Nimempigia shemeji. Kaja na viatu vyake vya kazi, kaketi, tumerudisha majina kwa mkono, mtu mmoja mmoja, hadi mchana. Hakusema “nilikwambia”. Afadhali angesema! Wakati wa kuondoka kaniambia tu, “Shemeji, dada yangu alikuwa hajaandika tangu shuleni. Alikuwa amefurahi kweli.”

Sindano Butu karudi kwenye jina lake. Lakini nani sasa asiyemjua?

Jumapili, 10 Machi

Nimemwomba mke wangu radhi. Alikuwa anasugua sufuria. Nikasema jina limerudi, aandike kama zamani, mimi sijakasirika hata kidogo.

Kasema, “Hujakasirika wewe?”

Nikachukua kitambaa, nikapangusa meza.

Akasuuza sufuria, akaifunika. Kisha akasema taratibu, bila ugomvi, “Shida si jina. Pale palikuwa mahali pekee ambapo wewe hukuwepo.”

Nilitaka kumwambia nilikuwepo muda wote, tena nikicheka kuliko wote, tena nikimwonea huruma huyo mama kwa mume aliyempata. Badala yake nilikwenda kukaa barazani. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho nimekijenga mimi.

Jumatano, 13 Machi

Siku zinapita, hajaandika. Dada kapiga simu, kasema washonaji wanamlilia Sindano Butu, wengine wameacha kufungua kibaraza kabisa. Nimeona aibu. Nimeona uchungu. Kisha, nikiwa napiga pasi shati, nimeona njia!

Funguo za akaunti zote bado ninazo. Basi nimeingia kwa jina la Sindano Butu, nimewaandikia kisa kipya. Kirefu, kizuri. Mzee wa Mipango katubu. Kaacha mipango yote. Sasa anamsikiliza mkewe, haingilii mambo yake hata chembe. Nimemalizia kwa mke kumsamehe, huku wameshikana mikono.

Wasomaji wameshangilia! Mmoja kalalamika kwamba chumvi imepungua, lakini wapo watu hawaridhiki.

Mke wangu yuko jikoni na simu mkononi. Nadhani anakisoma. Ametulia tuli, hapepesi jicho. Sasa kachukua kikapu, anakwenda kwenye kamba.

Leo hatukufua. Nadhani ameguswa.