Prosesa Sita Nilizodai Zimeibiwa Mwanga

Leo nimejivua nguo hadharani (nguo za heshima, tulieni), na kabla ya kujiaibisha mimi nilimwaibisha mtu asiye na kosa.

Mnaonijua mnajua sikai mahali. Nimelala Tabora, Mpanda, hata Uvira ng'ambo ya ziwa, kisha nikarudi Ujiji na mkoba wa picha za zamani. Picha hizo nazipanga kwenye laptop ya mtumba niliyouziwa na afisa mmoja aliyehamishwa. Siku ya kuinunua alinifungulia ukurasa unaoonyesha kazi za mashine. Visanduku vinane, kila kimoja na mstari wake unaopanda na kushuka.

"Prosesa nane hizo, kaka."

Tangu hapo nimekuwa nikizihesabu kama mfugaji na ng'ombe zake.

Leo asubuhi nimewasha, mashine inajikokota. Nikafungua ukurasa ule. Visanduku viwili. Nikahesabu tena. Viwili. (Kidato cha nne kinatosha kuhesabu hadi nane.)

Wiki iliyopita laptop ilikuwa kwa fundi Hamisi, pale soko la Mwanga, akibadilisha feni. Kwetu kifaa hakiachwi kwa fundi hivi hivi. Unakaa kwenye benchi lake na kumkodolea macho mpaka skrubu ya mwisho. Mimi siku ile nilikwenda kunywa chai. Basi jibu nikalipata palepale. Nikaapa sitarudi nyumbani bila prosesa zangu.

Nimemkuta Hamisi anashusha kompyuta tano kutoka kwenye bajaji. Ni za shule moja ya Kidahwe, na mwalimu mkuu, Mwalimu Pendo, amesimama pembeni. Kazi kubwa kama hiyo Hamisi aliisubiri muda mrefu. Mtaa mzima ulijua.

"Hamisi, nataka prosesa zangu sita."

"Zipi?"

"Nilikuletea nane. Umeniachia mbili."

Mwalimu Pendo akageuka. "Fundi, anasema kweli?"

"Mwalimu, huyu amechanganyikiwa."

"Nimezihesabu kwa macho yangu, mwalimu," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza dagaa.

Mama mmoja wa dagaa akaguna. "Yewe, kumbe hata kompyuta siku hizi zinang'olewa utumbo."

Mwalimu akamwambia dereva wa bajaji, "Pandisha zote. Tunarudi."

Wakaondoka. Nikakunja mikono kifuani. Nilijiona nimeokoa elimu ya nchi.

Hamisi hakubishana. Alichukua bisibisi, akafungua laptop, akatoa feni, akanionyesha kipande kimoja kidogo kuliko biskuti.

"Prosesa ni hii moja. Haijaguswa. Ndani ina vichwa vinne, na kila kichwa kinashika kazi mbili. Mashine ikiwaka, mfumo unapewa orodha, unaita mmoja mmoja kama mwalimu na daftari la mahudhurio. Unapata nane."

"Mbona mimi napata mbili?"

Akafunga, akawasha, akafungua ukurasa wa mipangilio ambao nimewahi kuuona mara moja tu maishani. Palikuwa na tiki, na pembeni namba 2.

"Hapa mtu ameuambia mfumo, ukishaita wawili, funga daftari. Wengine wapo, hawaitwi tu. Nani kaweka tiki hii?"

Nikakumbuka. Jumapili mchana nilitazama video ya kijana anayefundisha kuongeza kasi ya mashine. Alisema weka tiki, chagua namba. Nikachagua mbili, nikidhani ni kasi mara mbili.

"Ni mimi."

Akaondoa tiki, akazima, akawasha. Visanduku vinane.

"Zako zimerudi," akasema. "Kompyuta za mwalimu je?"

Bodaboda, laptop kifuani, hadi Kidahwe. Nimewakuta walimu ofisini wanakunywa chai. Nikaeleza.

Mwalimu Pendo akaweka kikombe chini. "Asubuhi ulikuwa na uhakika. Sasa una uhakika tena. Nimwamini yupi?"

Nikafungua laptop mezani. Nikaweka tiki, nikazima, nikawasha: viwili. Nikaitoa, nikazima, nikawasha: vinane. Mwalimu wa hisabati akahesabu kwa kidole.

"Kwa hiyo mwizi ni wewe," akasema, "na aliyeibiwa ni wewe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Rudia, mwenzetu huyu ameingia sasa hivi."

Nikarudia. (Chai ilimpalia mmoja.)

Mwalimu Pendo alipomaliza kufuta machozi, akanionyesha zile kompyuta tano ukutani. "Zipeleke kwa Hamisi, wewe mwenyewe. Pale pale sokoni ulipomwita mwizi, useme mbele ya watu kwamba zimerudi, na kwa nini."

Nimesema. Mama wa dagaa aliniomba nipandishe sauti. Hamisi anazifungua sasa hivi ninavyoandika.

Ndugu zangu, kabla ya kumwita mtu mwizi Mwanga, weka akiba ya nauli ya kwenda kumsafisha Kidahwe.